Kituo cha kupoza umeme kinajengwa mita 150 kutoka nyumbani kwangu Dodoma. Niuze au nibaki?

"Shikamoo mhandisi. Naishi pembezoni mwa jiji la Dodoma, upande wa mashariki. Tulinunua kiwanja mwaka 2019, tukajenga, tukahamia na watoto wetu watatu. Mwaka huu wameanza kujenga kituo cha kupoza umeme, nimepima kwa hatua ni kama mita 150 kutoka ukuta wangu. Jirani mmoja anasema mionzi yake inaleta saratani kwa watoto, na ameshauza kwa bei ya kutupa. Mwingine anasema nina bahati, nitapata umeme wenye nguvu kuliko wote, maana sasa hivi ikifika saa mbili usiku taa zinafifia na friji inaunguruma tu bila kugandisha. Mume wangu anauliza kwa nini wajenge kituo kingine wakati kituo cha Zuzu kipo na Bwawa la Nyerere limekamilika. Halafu watoto wamezoea kwenda kucheza kwenye kokoto za mafundi. Niuze au nibaki?"

Marahaba, mama. Umeuliza swali moja lakini ndani yake mna manne, na kila moja lina jibu lake. Jibu la haraka ni kwamba kwa umbali huo mimi nisingeuza nyumba kwa sababu ya afya, wala nisingetegemea umeme wangu uongezeke nguvu kwa sababu tu kituo kiko jirani. Majirani zako wote wawili wanasema kwa nia njema, na wote wawili wamekosea. Lile ulilolitaja mwishoni kwa mstari mmoja, la watoto na kokoto, ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie kwa kirefu.

Nianze na mionzi, kwa sababu najua ndiyo inayokunyima usingizi. Neno "kupoza" lenyewe linachangia hofu: watu wanadhani mle ndani kuna kitu cha moto au cha sumu kinachopozwa. Kinachofanyika ni kushusha msongo, yaani volti. Umeme unafika ukiwa na msongo mkubwa wa kusafiria, mathalani kilovolti 220, unapita kwenye transfoma, unatoka ukiwa kilovolti 33 tayari kusambazwa mitaani. Hakuna kinachoungua wala kuvuja. Kila waya unaopitisha umeme huzungukwa na nguvu ya sumaku, hata ule wa taa ya chumbani kwako, na hiyo ndiyo watu wanayoiita mionzi. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi lake lina urefu wa karibu kilomita 6,000. Ni wimbi la polepole mno, halina uwezo wa kuvunja chembe za mwili kama inavyoweza kufanya eksirei.

Je, jirani yako amebuni hilo neno la saratani? Hapana, lina chanzo, na ni haki yako kukijua. Mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nguvu hii ya sumaku kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Sababu ni kwamba tafiti kadhaa zilikuta saratani ya damu imezidi kidogo kwa watoto walioishi kwenye nyumba zenye wastani wa zaidi ya mikrotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 0.3 hadi 0.4 mchana na usiku. Hadi leo haijathibitishwa kwamba sumaku ndiyo iliyosababisha, na hakuna aliyeonyesha ni kwa njia gani ingesababisha. Ukomo wa usalama kwa raia uliowekwa kimataifa mwaka 2010 ni mikrotesla 200. Kwa kulinganisha, mashine ya kukaushia nywele, ikiwa sentimita 3 kutoka kichwani, inaweza kutoa kuanzia mikrotesla 6 hadi 2,000 kutegemea aina yake.

Na nguvu hii hupungua kwa kasi kadiri unavyosogea mbali. Transfoma kubwa ukiisogelea utaipima vizuri, lakini ukifika kwenye uzio wa kituo mara nyingi imeshapotea. Kinachobaki kupimika ni kile cha laini kubwa zinazoingia na kutoka. Kwa hiyo badala ya kupima hatua hadi kwenye kituo, uliza minara itapita wapi. Nyumba iliyo mita 150 kutoka kwenye uzio lakini laini ya kilovolti 220 inapita juu ya bati lake ina shida halisi, tena hairuhusiwi kuwapo. Nyumba iliyo mbali na laini, sumaku inayopimika sebuleni inatokana zaidi na nyaya na vifaa vya nyumba yenyewe.

Moto na mlipuko hukuuliza, ila najua utasimuliwa. Transfoma kubwa hubeba makumi ya maelfu ya lita za mafuta, na ikipata hitilafu mbaya inaweza kushika moto. Imeshatokea katika nchi nyingi. Ndiyo maana kati ya transfoma na transfoma hujengwa ukuta wa zege, chini yake huchimbwa shimo la kunasa mafuta, na relei, vifaa vinavyogundua hitilafu, huamuru vikata umeme vifunguke ndani ya muda usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa mita 150 moto hauwezi kukufikia. Moshi unaweza, na siku hiyo utafunga madirisha na kwenda upande ambao upepo unatokea. Kero utakayoishi nayo ni sauti. Chuma cha transfoma hutanuka na kusinyaa mara 100 kwa sekunde, ndiyo ule mvumo wa "mmmm" usiokatika. Mchana hutausikia. Usiku wa manane, Dodoma ikiwa imetulia na upepo umelala, huenda ukausikia kwa mbali. Kama kuna chumba bado hujakimalizia upande ule, dirisha lake kubwa lielekeze kwingine.

Sasa friji yako. Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Umeme wa nyumbani kwako hautoki kituoni moja kwa moja. Kutoka kituoni unasafiri kwenye nguzo ukiwa kilovolti 33 hadi kwenye transfoma ya mtaa, ile inayoning'inia juu ya nguzo mbili, na hapo ndipo unaposhushwa kuwa volti 400 kwa fezi tatu (nyaya tatu zinazogawana mzigo), au 230 kwa mteja wa kawaida. Kuanzia hapo kinachoamua nguvu ya umeme wako ni mambo matatu: umbali kutoka transfoma hiyo, unene wa waya, na majirani wangapi wameunganishwa kwenye fezi moja na wewe.

Rafiki yangu mmoja aliwahi kuniita nyumbani kwake na malalamiko kama yako. Nilichomeka mita yangu saa saba mchana, ikasoma volti 228. Tukakaa, tukala, watu wakarudi makazini, kila nyumba ikawasha taa, televisheni, pasi na hita. Saa mbili usiku mita ile ile ilisoma 181. Kesho yake asubuhi tulitembea kufuata waya kurudi kwenye transfoma tukihesabu nguzo: 23. Zaidi ya kilomita moja ya waya wa alumini wa milimita za mraba 50. Hesabu yake ni nyepesi. Waya huo una ukinzani wa takribani omu 0.64 kwa kilomita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo 1.28. Nyumba za mwisho zikivuta ampea 40 kwa pamoja (ampea hupima wingi wa umeme unaopita kwenye waya), volti 51 zinapotelea njiani. Toa 51 kwenye 230, unabaki na 179. Kituo kingejengwa nyuma ya choo chake, kama transfoma ya mtaa na nguzo zile 23 zisingeguswa, angeendelea kusoma 181.

Kwa volti 180 jiko la umeme linatoa joto la kama asilimia 61 tu ya lile linalostahili. Friji ndiyo inaumia zaidi: mota yake inajaribu kuwaka, inashindwa, inavuta umeme mwingi, inapata joto, inazima, inajaribu tena. Huo ndio muungurumo unaousikia. Stabilaiza itakusaidia kulinda friji, sikukatazi kununua. Ila ujue kwamba inapandisha volti kwa kuvuta ampea zaidi kutoka kwenye waya ule ule uliochoka, kwa hiyo mtaa mzima ukinunua stabilaiza, wa mwisho kwenye laini ndiye ataumia. Dawa ya kudumu ni kuletewa transfoma karibu, au kubadilishiwa waya, au mafundi wa TANESCO kugawanya upya wateja kwenye fezi tatu, kazi ambayo wakati mwingine inamalizika kwa siku moja. Nunua kile kimita cha kuchomeka kwenye soketi, andika usomaji wa asubuhi, mchana na saa mbili usiku kwa wiki nzima, waombe majirani watano wafanye hivyo hivyo, kisha pelekeni barua moja ofisi ya wilaya kupitia mwenyekiti wa mtaa. "Umeme ni mdogo" hupokelewa na kuwekwa pembeni. Jedwali lenye tarehe na volti, lenye saini za nyumba sita, mhandisi hawezi kulipuuza. Msipopata majibu, kuna EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Mume wako ameuliza swali zuri, na nimelisikia hata kwa watu wazito. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115, na yote imekamilika. Lakini lipo Rufiji. Sisi wa Dodoma tunajua habari ya maji ya Mzakwe: visima vinaweza kuwa vimejaa, kama bomba la mtaani kwako ni la nusu inchi na linahudumia nyumba 200, ndoo yako itakesha. Umeme wa bwawa unapandishwa hadi kilovolti 400 na kupelekwa Chalinze, na kutoka Chalinze kuna mradi wa laini ya kilovolti 400 hadi Dodoma, takribani kilomita 345. Kwa miaka mingi Dodoma imelishwa kutoka kusini, Mtera na Iringa, kupitia Zuzu, na Zuzu hapo hapo ni njiapanda ya laini ya kilomita 670 inayotoka Iringa kwenda Singida na Shinyanga.

Dodoma ya wakati Zuzu inajengwa haikuwa hii. Chuo Kikuu kilianza 2007, serikali ikahamia kuanzia 2016, mji ukawa jiji 2018, Mtumba pakaota wizara, mwaka 2024 treni ya umeme ikafika. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya laki saba na nusu jijini. Zuzu iko magharibi, mahitaji mapya mengi yako mashariki. Ukitaka kuvusha megawati 100 kwa kilovolti 33 unahitaji karibu ampea 1,750. Kwa kilovolti 220 zinatosha 262. Na kwa kuwa upotevu hupanda kwa mraba wa ampea, kwa waya ule ule ungepoteza mara 44 zaidi kwenye kilovolti 33. Hii ndiyo sababu umeme unaletwa ukiwa na msongo mkubwa hadi karibu kabisa na watumiaji, kisha unashushwa hapo. Kuongeza transfoma Zuzu ni rahisi zaidi, ardhi ipo na laini zipo, na mara nyingi ndiyo hatua ya kwanza inayofaa. Lakini laini za kilovolti 33 zinabaki ndefu vile vile, mti ukiangukia moja, nusu ya mji inalala gizani, na jiji zima linaegemea mguu mmoja. Kituo cha pili kinapunguza hayo yote. Hapo utafaidika, pamoja na wenzako wote wa upande huo: umeme utakatika kwa eneo dogo zaidi na kwa muda mfupi zaidi.

Nikuambie sasa ninachokiogopa mimi mwenyewe, baada ya miaka zaidi ya 20 ndani ya vituo hivi. Ni ardhi. Chini ya kituo chote huzikwa wavu wa nyaya za shaba, ili radi ikipiga au waya ukianguka umeme uzame ardhini. Kwa muda huo mfupi udongo wenyewe unakuwa na volti, kali pale katikati na ikififia kadiri unavyotoka nje. Ukisimama umepanua miguu, mguu mmoja uko kwenye volti nyingi na mwingine kwenye volti kidogo, na umeme unapanda huku na kushukia kule. Ng'ombe ndiye anayekufa kwanza, kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana na moyo uko katikati ya njia.

Dodoma inalifanya jambo hili kuwa gumu zaidi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Nimewahi kupima ethi ya kituo kimoja, yaani uunganisho wake na ardhi, mwezi Machi, nondo zikiwa zimeshika udongo wenye unyevu, nikafurahi. Nikarudi Oktoba, udongo umepasuka na unalia chini ya buti kama kigae, usomaji wa ukinzani ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa Machi, yaani umeme ungezama kwa shida. Ilibidi tuongeze nondo hadi kwenye kina ambacho jua halifiki. Mkandarasi mzuri hupima kiangazi. Na nyumbani kwako ni vivyo hivyo: ile nondo ya ethi fundi aliyokuchomekea mlipojenga, pengine mvua zikinyesha, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA aipime Oktoba.

Zile kokoto ambazo watoto wanachezea, sasa, zinahusika hapa hapa. Hazimwagwi kituoni kwa urembo. Ni kizuizi: zinamwagwa sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo kwa sababu hazipitishi umeme kirahisi, hata zikilowa, na maji hupita katikati yake yakazama. Zinamlinda fundi asimame juu ya ardhi yenye volti bila volti hiyo kumpanda. Nje ya uzio hakuna kokoto. Kwa hiyo msifunge mbuzi wala ng'ombe kwenye uzio wa kituo, msianike nguo juu yake, na kama utajenga ukuta wa mabati au wa waya, usiuunganishe na uzio huo hata kwa kipande kimoja. Chuma kirefu kinaweza kubeba volti ya mle ndani hadi uani kwako. Na ukiona waya umelala chini popote, ondoka kwa hatua ndogo ndogo, miguu ikikaribiana, na piga simu.

Kuuza au kubaki? Nenda ofisi ya TANESCO na nakala ya hati au mchoro wa kiwanja chako, omba kuonyeshwa mkuza, yaani ukanda wa ardhi unaotengwa kwa ajili ya laini zinazoingia na kutoka kituoni. Hilo linahitaji uende mwenyewe. Mimi kwa maandishi siwezi kukuona uko wapi. Kama mkuza haukugusi, sheria haikupi fidia, na mimi nisingeuza. Bei iliyoshuka leo imeshushwa na hofu, na wanaonunua wanalijua hilo. Kama mkuza unakugusa, usiuze kwa mtu kabla ya uthamini, maana fidia ni haki yako: thamani ya ardhi, majengo na mazao, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya nyumba ya miezi 36, pamoja na hasara ya biashara kama unayo. Ikicheleweshwa zaidi ya miezi sita inadaiwa na riba. Piga picha kila chumba na kila mti kabla mthamini hajafika, usisaini fomu yenye nafasi tupu, na kama hesabu huielewi tafuta mthamini aliyesajiliwa au mwanasheria kabla ya kuweka kidole. Familia moja niliyoifahamu ilisaini fomu ambayo kisima chao hakikuandikwa, na hakuna aliyeweza kukirudisha kwenye orodha baadaye.

Nimalizie na watoto. Kwa mwaka mzima eneo lile litakuwa uwanja wao. Mafundi watawazoea, mlinzi atawajua kwa majina, watajua pale uzio ulipoinama. Halafu siku moja, pengine asubuhi ya kawaida, tutasimama mbali, mmoja wetu atabonyeza, transfoma itaguna mara moja na kuanza kuvuma. Kwa kawaida tunaiacha hivyo saa 24 bila mzigo wowote, tukiisikiliza. Kwa mtoto hakuna kilichobadilika: nguzo ni zile zile, kokoto ni zile zile. Lakini kwa kilovolti 220 hahitaji kugusa waya, kuusogelea tu kunatosha umeme umrukie. Anza leo kuwakataza, kabla kituo hakijawashwa, ili siku hiyo ikifika wawe wameshasahau njia ya kwenda kule. Muulize msimamizi wa mradi tarehe ya kuwasha, mwombe aje aitangaze kwenye mkutano wa mtaa na shuleni kwao, na mwambie pale uzio ulipoinama. Ataupokea ujumbe huo vizuri. Mimi ningeshukuru kuambiwa.